Silabi Mahali Pake

Ukitaka kumjua mwalimu wa kwaya aliyeiva, usingoje Pasaka, siku ambayo kanisa limefurika na hata asiyeimba mwaka mzima amekuja na sauti yake. Nenda misa ya kwanza ya Dominika ya kawaida, kaa karibu na kwaya, usikilize "Bwana, utuhurumie". Neno lile la pili lina silabi sita, na mkazo wake umekaa juu ya silabi ya tano, mi. Mtunzi anayejua kazi huzikimbiza silabi nne za mwanzo, nusu pigo kila moja, kisha huitua mi juu ya pigo zito na kuiachia e ishuke kwa upole. Kwa nota za solfa ataandika hivi: d . d : r . r | m : d. Ni nota tatu tu zilizo jirani, hata mtoto anaziweza. Lakini ombi linasikika kama ombi, kama mtu anavyolisema akiwa na shida kweli. Lihamishe pigo zito ulipeleke kwenye e na kuivuta kidogo, na maneno yale yale yatasikika kana kwamba anayeyaimba amekikariri Kiswahili jana.

Kwa jinsi ninavyousikia mimi, ufundi wote wa kwaya za parokia zetu umesimama hapo: silabi ikae mahali pake ili neno limfikie aliyeketi benchi la nyuma. Sare, vipaza sauti na kurekodi video vinakuja baadaye.

Kwa muda mrefu mambo hayakuwa hivyo, wala haukuwa uvivu wa mtu. Misa yenyewe iliimbwa Kilatini, na wapo wazee wanaoweza kukuimbia Missa de Angelis bila kitabu hadi leo. Nyingi kati ya nyimbo za Kiswahili zilitoka Ulaya tuni zake zikiwa tayari, mfasiri akabaki na kazi ya kutafuta maneno ya kuzijaza. Nyimbo za Kijerumani na Kiingereza zina mistari mingi inayoishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mstari wake huishia kwa wepesi. Tuni ikidai uzito mwishoni, "Mungu" anaimbwa uzito wote ukiwa kwenye ngu, na "Bwana" anaishia kwenye na iliyovutwa mapigo mawili. Tumezizoea nyimbo hizo na tunazipenda. Tenzi za Rohoni zimefariji watu kwenye misiba isiyohesabika, na sikubaliani na anayezidharau. Nasema tu kwamba sikio la Mswahili limekuwa likizisamehe tangu utotoni bila kujua.

Mlango ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, iliyozipa lugha za watu nafasi katika ibada na kuagiza muziki wa asili wa nchi za misioni upewe heshima inayostahili. Watu wa huku walikuwa wameshaanza kuubisha mlango huo. Kule Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walikuwa wamekwisha kuimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mitindo ya Wakongo, tangu mwaka 1958. Na mwaka ule ule wa 1963, Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kizima kilichoweka sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu kando ya muziki wa Wabantu na kuuliza vinakutana wapi. Baada yao wakaja watunzi ambao majina yao utayaona juu ya karatasi za nota huku Tanzania na hata Kenya: John Mgandu, Joseph Makoye, Bernard Mukasa na wengine wengi. Hawa hawakukabidhiwa tuni ya kujaza maneno. Walikuwa huru kuanza na neno lenyewe, kulisema, na kusikiliza linapanda wapi na kutua wapi.

Karatasi hizo zenyewe zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Solfa ilibuniwa Uingereza katika karne ya 19 na mwalimu Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza ili watu wasio na fedha ya kusomea muziki waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari wakaileta Afrika, nayo ikakaa kabisa. Sababu ni rahisi kuiona. Haihitaji mistari mitano wala karatasi maalumu. Kalamu na daftari la shule vinatosha, na enzi za taipureta mashine ya ofisi ya parokia iliweza kuipiga. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hulikata pigo nusu, kistari huirefusha nota, na alama ndogo juu au chini ya herufi huipeleka nota oktava ya juu au ya chini. Juu kabisa pameandikwa do ni ipi. Chini yake sauti nne zimepangwa, ya kwanza hadi ya nne, na maneno ya wimbo yamepita katikati yake. Mwimbaji wa besi ambaye hajawahi kugusa kinanda huisoma karatasi hiyo akiwa amesimama kwenye daladala, midomo ikimchezacheza. Siku hizi picha ya karatasi imo kwenye simu, lakini herufi ni zile zile saba.

Mazoezi ni jioni za katikati ya juma, watu wakitoka kazini na sokoni. Mwalimu hawapi wimbo mzima. Anaanza na sauti moja, nota kwanza bila maneno, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa mwendo wake, huku wengine wakinyamaza au wakichungulia sehemu yao. Ninaowaonea fahari zaidi ni sauti ya pili. Soprano wanapewa tuni, kila mtu ataondoka akiimba walichoimba wao. Sauti ya pili mara nyingi hupewa nota moja irudiwe weee, so so so, halafu fa moja, halafu so tena, na juu ya fa ile moja ndipo wimbo wote unapogeukia. Wakiikosa, chodi yote inachafuka na msikilizaji hajui kwa nini. Wakiipata, hakuna atakayewapongeza. Nimewaona wamama wa sauti ya pili wakiirudia sehemu ya mistari miwili kwa robo saa nzima, bila manung'uniko, mpaka mwalimu akatikisa kichwa kukubali na kuita teno.

Kisha huja kuunganisha. Umeme ukiwepo mpiga kinanda atawapa sauti. Usipokuwepo, mwalimu huitoa do kifuani mwake na kuigawa: besi do ya chini, teno so, sauti ya pili mi, soprano do ya juu. Wanaishika kwa kuguna, kila kundi likisikiliza jirani yake. Hapo ndipo kazi ya kweli juu ya maneno inapoanza. Kiswahili kimewapa wanakwaya zawadi kubwa, irabu tano safi zisizobadilika, na maneno yanayoishia kwa irabu, kwa hiyo mwisho wa mstari hakuna fujo ya konsonanti za watu arobaini zinazofika kwa nyakati tofauti. Lakini kimewawekea na mitego yake. Chukua "Mtakatifu". Ile M ya mwanzo ni silabi kamili yenye pigo lake, na haina irabu. Kwaya changa huitafutia irabu, nayo inakuwa Mutakatifu, au inaipita haraka na kudondokea ta kabla ya wakati. Mwalimu mzuri husimamisha kila kitu. Anafunga midomo, anaimba mmm juu ya nota yake, waziwazi, puani na kifuani, anaishikilia mpaka wote wamesikia kwamba hiyo nayo ni nota. Kisha ndipo wanaifungua: ta, ka, ti. Baada ya hapo neno linasimama wima. Mtego mwingine uko mahali irabu mbili zinapokutana, "wa amani", "na upendo", ambapo ulimi huziyeyusha kuwa moja na msikilizaji akapoteza neno zima. Na pumzi: mtu asivute hewa kati ya "Mwana" na "Kondoo", hata kama nota inaruhusu. Mwalimu huchora alama ndogo ya penseli pale pumzi inapostahili kuvutwa, na wenye nidhamu huchora na wao.

Kushuka ni ugonjwa wa kwaya zote zinazoimba bila kinanda. Wanaanza kwenye G na kumaliza mahali fulani chini yake, na mpiga kinanda akiingia beti ya mwisho, kila mtu anajua. Huletwa na uchovu, na pumzi iliyokwisha, na zaidi mi inayoimbwa kwa uvivu wakati wa kupanda. Nilimsikia mwalimu mmoja akiitibu kwa kuwaambia soprano wainue nyusi kama wanaoshangaa kila wanapoifikia mi. Ilifanya kazi. Sauti ilisimama pale pale hadi mwisho wa wimbo.

Kuhusu ala sitasema mengi. Ngoma na kayamba vikipigwa na mtu anayesikiliza maneno, huyabeba. Vikipigwa na anayejisikiliza mwenyewe, huyameza. Ile midundo iliyokwisha kutengenezwa ndani ya kinanda, unabonyeza kitufe nayo inajipiga, siipendi kanisani, kwa sababu haiwezi kusubiri. Kwaya inayovuta pumzi inahitaji mpigaji atakayevuta nayo. Kwaresima inasaidia hapa. Utukufu na Aleluya vinanyamazishwa, vinanda vinaruhusiwa kusindikiza uimbaji tu, na kwaya inabaki na koo zake. Wiki hizo ndizo zinazoonyesha nani alifanya mazoezi.

Kuna ustadi mwingine usioandikwa kwenye nota yoyote, nao ni wa kupima muda. Wimbo wa mwanzo unapaswa kuwasindikiza watumishi wa altare, msalaba, mishumaa na padre kutoka mlangoni hadi altareni, na siku ya ubani uongezewe kuzunguka altare. Ukiisha mapema, padre anatembea katika ukimya wa aibu. Ukizidi, amesimama akingoja kuanza ishara ya msalaba. Wakati wa sadaka ni mgumu zaidi. Katika parokia zetu waamini hutoka mabenchini na kwenda mbele kutoa kwa mikono yao, mistari miwili mitatu ikipishana, na hakuna ajuaye itachukua dakika ngapi. Mwalimu huongoza akiwa ameipa kwaya uso na mistari mgongo, lakini ana njia ya kugeuka nusu na kuupima mkia wa mstari. Anaonyesha kidole kimoja juu: beti moja zaidi. Anazungusha kiganja: rudieni kiitikio. Mstari unapokwisha, na padre anageukia kunawa mikono, anaikunja ngumi na sauti arobaini zinafika kwenye nota ya mwisho pamoja. Waamini wengi hawajawahi kuligundua jambo hili, na nadhani kutogundua kwao ndiyo sifa yake.

Zaburi ya katikati huachiwa mtu mmoja mimbarini. Inamtaka asiwe mwimbaji wa maonyesho, kwa sababu mistari ya zaburi haina urefu sawa. Mmoja una maneno sita, unaofuata kumi na tano, na yote yaimbwe kwa tuni moja fupi. Anayeghani hukaa kwenye nota moja, akayasema maneno kwa mwendo wa mazungumzo, kisha akageuza mwisho pale mkazo unapotaka. Ni kazi ya msomaji kwanza. Nimesikia zaburi ikighaniwa na binti wa kidato cha pili kwa usahihi ambao uliwafanya watu waache kufungua Misale na kumwangalia yeye tu, kila neno likifika lilivyo.

Na kiitikio ni cha watu wote. Hapa huwa nawapima watunzi bila huruma. Kama Dominika ya tatu benchi la nyuma bado halikiimbi, kiitikio kimeshindwa, hata kiwe na chodi nzuri kiasi gani. Kinachoshika ni kile kinachofuata usemaji wetu, na hili halina dhehebu. Jirani zetu Walutheri wanao mfano ambao ningependa kila mtunzi mchanga auchunguze. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa wa Kagera aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kihaya. Yale maneno mawili, mfurahini na haleluya, yote yanatua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni inatua nayo. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutafsiri kwa Kijerumani, na safari hii tuni ndiyo iliyokuwa imetoka kwetu, mfasiri wa Kijerumani akawa ndiye wa kuhangaika kutafuta maneno ya kuijaza. Aliyapata. Wimbo huo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na Pasaka ikifika wanauimba kwa mwendo ule ule wa Wahaya.