Raptor Sakafuni: Kwaheri Kapeti la Land Cruiser!

Imekauka, na siachi kuipitishia kiganja! Sakafu ya Land Cruiser ya familia ya 70, iliyokuwa imefichwa chini ya kapeti lenye harufu ya tope, sasa ni nyeusi tii, ngumu, yenye vipele vidogo kama ngozi ya kenge. Kiatu chenye maji hakitelezi. Mwaga ndoo ya maji, fagia, umemaliza.

Hii ni Raptor ya U-POL, kampuni ya Uingereza ambayo tangu 2021 iko chini ya Axalta ya Marekani. Ilitengenezwa kwa ajili ya bodi la nyuma la pikapu, kunakoburuzwa mapipa na vyuma. Basi fikiria sakafu ya ndani, ambayo adui zake ni mchanga, viatu na maji! Kwenye barabara zetu za vumbi jekundu, masika ikiingia kapeti halikauki, na kutu inakula bati kimyakimya huku juu pakionekana safi.

Kwa nini nisichukue kopo la Herculiner? Ni nzuri, inakuja tayari na chembe za mpira na inakomaa kwa unyevu wa hewani. Lakini kwa ndani napenda kitu chenye hadina, kinachofunga chenyewe kwa kemikali. Na ile lami nyeusi ya chini ya chasisi, tafadhali, isiingie ndani kabisa: jua likiwaka inalainika na kunuka.

Uchanganyaji wenyewe ni raha tupu. Chupa ya Raptor imeachiwa nafasi juu. Unajaza hadina hadi kwenye mstari, sehemu tatu za Raptor kwa moja ya hadina, unafunga, unatikisa. Hakuna mizani! Kuanzia hapo una kama saa moja kabla haijaanza kuganda, kwa hiyo changanya chupa moja moja. Mwenye kompresa na bunduki yake atapata vipele laini zaidi; mimi nimetumia rola, koti mbili nyembamba, na sitamani kingine.

Ila utamu wote uko kwenye maandalizi. Ng’oa viti, osha mafuta, kwangua kutu mpaka bati safi, piga msasa hadi mng’ao wote uishe. Palipobaki bati tupu, tanguliza praima ya epoksi. Kisha ziba kwa tepu matundu ya bolti za viti na mikanda, sehemu za waya za ethi, na namba ya chasisi. Rangi hii ikishaingia kwenye nyuzi za bolti, kuitoa ni kazi ya kulia.

Na pumzi yako, ndugu yangu! Hadina ina isosayaneti, sumu ya mapafu, na ndani ya gari hewa ni finyu. Fungua milango yote, vaa barakoa yenye machujio ya kemikali, glavu na miwani. Kitambaa cha pua hakikusaidii lolote.

Raptor haizuii kelele wala joto la giaboksi. Kwa hilo tandika mpira mzito juu yake. Viti virudi ikikauka vizuri, mizigo isubiri wiki nzima. Nami tayari nawaza milango, kwa lile toleo unalochanganyia rangi uipendayo: kijivu, au rangi ya mchanga?