Mali bila daftari: Ni nani anayeandika vijimambo vya maisha yetu?

Kuna kijikaratasi ambacho karibu kila Mkenya amewahi kukishika mkononi. Ni kile tunachogawiwa mazishini, chenye picha ya marehemu, ratiba ya ibada na ukurasa mmoja au miwili ya wasifu wake. Hebu siku moja kisome kwa jicho la sarufi. Alizaliwa. Alisoma. Aliajiriwa. Alioa. Alipandishwa cheo. Alistaafu. Aliugua. Aliaga dunia. Ukifuta jina na tarehe, ukaandika za jirani yake, wasifu huo utamfaa jirani vilevile.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaouandika usiku kucha huku macho yamewavimba kwa kilio. Nauliza tu. Yule mtu aliyekuwa akicheka kabla hajaimaliza hadithi yake mwenyewe, aliyekuwa akimimina chai kwenye kisahani ili ipoe, aliyekuwa akiita ng'ombe wake kwa majina ya wakwe zake, ameachwa wapi?

Dai langu leo ni hili. Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu maisha ya watu, tumekuwa hodari wa kuandika matukio makubwa, desturi na mawaidha. Tulichokiacha nje ni zile dakika ndogo ndogo ambazo, kwa hakika, ndizo maisha yenyewe. Pengo hilo linatupokonya watu wetu, na linaipokonya lugha maneno yake.

Kiswahili hakikosi zana za kazi hii. Chukua sentensi tatu. "Mama alipika chapati." "Mama hupika chapati." "Niliingia nikamkuta mama akipika chapati, unga umemganda viwikoni, redio ikimpasha habari asizozisikiliza." Sentensi ya kwanza ni taarifa. Ya pili ni mazoea. Ya tatu ni mama.

Kiambishi "li" hufunga jambo na kuliweka kabatini. "Hu" hulifanya jambo kuwa la siku zote, na kwa hiyo si la siku yoyote mahususi. "Ki" hutuacha mlangoni tukitazama jambo likiendelea. Wanafunzi wa shule za upili huorodhesha matumizi ya "ki" kwa ajili ya mtihani: ki ya ngeli, ki ya masharti, ki ya kitendo kinachoendelea, ki ya udogo. Hizo ni "ki" tofauti zilizofanana sura tu, wala sidai zina asili moja. Lakini mfanano huo una somo kwa mwandishi. Mahali ambapo kitendo kinaendelea ndipo pia udogo unapokaa.

Tuanze na kitabu kinachostahili heshima kubwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa mkusanyiko wa desturi za Waswahili uliohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka wa 1903. Mle utapata uzazi, malezi, michezo ya watoto, maamkizi, ngoma na ndoa. Kama si kitabu hicho, mengi ya pwani ya karne ya 19 tungeyakisia tu. Hata hivyo, kitabu cha desturi kwa maumbile yake ni kitabu cha "hu". Kinatueleza Waswahili huamkiana vipi. Hakituelezi Mtoro mwenyewe, alipokuwa akiwafundisha Wajerumani Kiswahili kule Berlin, alikuwa akitamani chakula gani baridi inapomfika mifupani. Desturi ni ya wote. Hamu ni ya mtu mmoja, na hiyo haikuandikwa.

Sasa tugeukie mawaidha. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wosia ambao hadi leo tunaufundisha. Takriban karne moja baadaye, Shaaban Robert akamtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Wasomaji wengi hukimbilia wosia: umche Mungu, uwe na adabu, umtunze mume. Mimi hukawia kwenye beti za mwanzo.

Katika utenzi wa Mwana Kupona, mama anamwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Katika Utenzi wa Hati, baba anamtaka binti aketi kitini aandike. Tazama jambo hilo! Watunzi wawili waliotenganishwa na vizazi, mmoja wa visiwa vya Lamu, mwingine wa Tanga, wote wanaanza na mtoto anayesogea karibu na mzazi, kalamu mkononi. Kisha wosia unaingia kama maji ya mafuriko na mtoto hatumwoni tena. Tunamaliza tenzi hizo tukijua yote ambayo mzazi alitaka binti awe, bila kujua nini kilikuwa kikimchekesha.

Namtendea haki Mwana Kupona kwa kuongeza jambo moja. Katikati ya maagizo yake kuhusu mume, anamfunza binti namna ya kukaa kando ya mume aliyelala, asipaze sauti, asimwamshe. Leo wengi watabishana, tena kwa haki, kuhusu nafasi anayopewa mwanamke katika wosia huo. Lakini pale, kwa kitambo kifupi, tunaiona nyumba. Tunausikia ukimya wa chumba. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya utenzi huo kudumu, wala si mawaidha peke yake.

Kudumu kwenyewe, bila shaka, si jambo la bahati. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alitunga kuhusu vita na siasa za mji wake, lakini pia kuhusu mapenzi na mambo ya nyumbani. Mashairi hayo yalikuwa ya midomoni. Yangekufa na wazee waliokuwa wakiyakumbuka, kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah hangeyakusanya mwishoni mwa karne hiyo, akishirikiana na Mwingereza W.E. Taylor. Yalichapishwa kama diwani mwaka wa 1940, karne moja baada ya mtunzi kuzikwa. Kati ya Muyaka na sisi kulikuwa na mtu aliyeketi, akauliza, akaandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, ila onyo linatufaa sote.

Hapa sina budi kutia kidole kwenye jicho letu sisi wahakiki. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka mwaka wa 1973, akiwa gerezani, tena juu ya karatasi za msalani. Mashairi kama "Telezi", "Jipu" na "Mnazi" yanaanzia kwenye vitu vya kawaida kabisa: utelezi wa mvua, jipu mwilini, ugomvi wa ndugu juu ya mnazi. Sisi tunafanya nini darasani? Mwanafunzi hajamaliza hata ubeti wa pili tunamdaka: "Jipu linaashiria nini?" Anajibu, anapata alama zake, tunaendelea.

Naam, jipu hilo lina siasa ndani yake, na asiyeliona hilo hajalisoma shairi. Lakini istiari hupata nguvu kwa sababu jipu ni jipu kwanza. Linawasha, linavuta, linakukosesha usingizi. Tumewazoesha vijana kuamini kwamba kitu kidogo hakina haki ya kuwapo katika fasihi mpaka kiwe mwakilishi wa kitu kikubwa. Haishangazi basi kwamba wanapoandika wenyewe hawaoni kitu cha kuandika.

Muhula mmoja niliwatuma wanafunzi wa mwaka wa pili waandike wasifu wa mzee yeyote wa ukoo. Binti mmoja alileta kurasa nne nadhifu kuhusu nyanya yake. Alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto tisa, alikuwa mcha Mungu. Nikamuuliza, "Huyu nyanya, mvua ikianza kunyesha alikuwa akifanya nini?"

Alicheka papo hapo. "Haki ya Mungu, Prof, alikuwa akikimbiza masufuria yote nje yakinge maji ya paa, huku akitaja majina ya wajukuu wote mpaka afikie la yule anayemtaka. Saa ingine anataja hata la mbwa."

"Sasa mbona hukuandika hayo?"

"Si nilidhani hayo ni vijimambo tu, Prof."

Vijimambo! Angalia jinsi neno lenyewe linavyokidharau kinachoitwa hivyo. Na tusimlaumu binti. Shuleni alifundishwa shajara, lakini kama sura ya kukariri: tarehe juu, maelezo mafupi chini, lugha ya nafsi ya kwanza. Shajara ni miongoni mwa tungo amilifu za mtaala wetu wa sekondari, sambamba na barua, ratiba na memo. Maelfu ya watahiniwa wamewahi kuandika shajara ya siku ambayo hawakuiishi. Ni wangapi wameandika ya siku waliyoiishi?

Najua msomaji fulani ameshaanza kutikisa kichwa. Atasema, "Profesa, zama zako zimepita. Siku hizi hakuna kisichorekodiwa. Kila mtu ana simu, kila sahani ya pilau hupigwa picha kabla ya kuliwa." Ni kweli. Hata mimi nimefurahia picha za wajukuu zilizonifikia kwa njia hiyo.

Ila picha ina mipaka yake. Picha itakuonyesha bibi mmoja wa Kilifi ameketi akikuna nazi. Haitakuambia kwamba kile alichokikalia kinaitwa mbuzi, wala kwamba tui atalichuja kwa kifumbu. Haitakuambia alikuwa akimnong'oneza nani, wala kwa nini alinyamaza ghafla mkwewe alipoingia. Mtoto atakayeiona picha hiyo baada ya miaka thelathini atamwona bibi na asiweze kumtamka. Maneno kama mafiga, upawa, ungo na kifumbu hayafi kwa sababu kuna mtu aliyeyapiga marufuku. Hufifia pale watu wanapoacha kuandika kuhusu jikoni kwa sababu jikoni hakuna makuu. Kamusi inaweza kuyahifadhi kama mfupa unavyohifadhiwa katika jumba la makumbusho. Nyama na damu yake ni sentensi ya mtu aliyekuwapo.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila kinachotukia kati ya macheo na machweo kinafaa karatasi. Kuna maandishi ya vitu vidogo ambayo ni takataka tupu: niliamka, nikapiga mswaki, nikapanda matatu. Kipimo changu ni kimoja. Kiondoe kile kitu kidogo kwenye maelezo, kisha utazame kama aliyebaki bado ni mtu yule yule. Ukiondoa shahada ya nyanya wa yule binti, kama alikuwa nayo, nyanya yupo. Ukiondoa masufuria yaliyopangwa uani na jina la mbwa, ametoweka. Kumbe kilichoitwa kijimambo ndicho kilichokuwa nguzo ya nyumba.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi matatu. Walimu wenzangu, mpeni mwanafunzi shajara asiyoisahihishia muundo, aandike wiki nzima yale aliyoyaona kwa macho yake. Waandishi chipukizi, kabla ya kutafuta dhamira nzito ya kuokoa bara zima, andikeni jioni moja ya nyumbani kwenu mpaka msomaji asikie harufu ya vitunguu. Na wewe usiye mwalimu wala mwandishi, nunua daftari la bei nafuu pale dukani mtaani. Kila usiku andika sentensi tatu, na moja kati yake iwe na "ki" ya kitendo kinachoendelea. Baba akifunga kamba za viatu huku akiimba. Jirani akibishana na muuza makaa kuhusu debe lisilojaa. Mtoto akikataa kulala.

Usiite fasihi. Wala usimwonyeshe mtu kama hutaki. Ila weka tarehe na uandike kwa kalamu isiyofifia, maana anayekusubiri kuisoma huenda bado hajazaliwa, na hatakuuliza ulistaafu mwaka gani. Atataka kujua mvua iliponyesha mlikuwa mkifanya nini.