Sifa ya Uzi Uyeyukao

Mwanamke wa Jibondo, Juani au Chole akihitaji kujifungua kwa upasuaji hupanda boti hadi Utende, kisha hushika barabara ya kilomita zipatazo 14 kuvuka kisiwa cha Mafia mpaka hospitali ya wilaya, Kilindoni. Akiruhusiwa hurudi kwa njia hiyo hiyo, mtoto mkononi na mshono tumboni. Kama ngozi imeshonwa kwa nailoni, ataambiwa arudi kutolewa nyuzi: boti tena, bodaboda tena, na wakati wa kusi, mawimbi tena. Lakini mshono wa ndani, ule wa mfuko wa uzazi wenyewe, hauna wa kuutoa. Nani atampasua mzazi mara ya pili ili kufuata uzi? Sharti ujiondokee wenyewe. Ufundi wa kubuni vitu vya namna hiyo ndio ninaotaka kuusifu, nao hausifiwi mara nyingi, maana ukifanikiwa hakuna kinachobaki cha kuonyesha watu.

Uzi wenyewe huja ndani ya pakiti ya alumini, umekwisha kuunganishwa na sindano iliyopinda, na mara nyingi una rangi ya zambarau ili daktari asiupoteze kwenye damu. Ukiutazama vizuri utaona ni nyuzi nyembamba mno zilizosukwa pamoja. Aina moja inayotumika sana ni poliglaktini 910: sehemu 90 za glaikolidi kwa 10 za laktidi. Kinachouvunja ni maji, ndiyo sababu ya ile alumini. Katika hewa ya Mafia yenye unyevunyevu, pakiti iliyofunguliwa si ya kuwekewa mgonjwa wa kesho. Mwilini, wiki ya 2 ikiisha uzi huo unabaki na takriban robo tatu ya nguvu zake. Wiki ya 3 nusu. Wiki ya 4 robo. Na kati ya siku 56 na 70 umekwisha wote.

Hesabu ya wiki hizo ndiyo ufundi wenyewe. Nyama inapata nguvu kadiri uzi unavyozipoteza, na mzigo unahama polepole kutoka kwa uzi kwenda kwa nyama. Uzi imara tulikuwa nao siku nyingi. Kilichokosekana ni udhaifu uliopimwa.

Zamani kipimo hicho hakikuwepo. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha tiba yapata mwaka 1000, aliutumia utumbo wa wanyama kushonea, na uzi wa utumbo wa kondoo na ng'ombe uliendelea kushona watu hadi zama zetu; huko Ulaya ni hofu ya kichaa cha ng'ombe iliyouondoa, mwaka 2001. Ubaya wake ni kwamba mwili huumeng'enya kama nyama, na kila mwili una kasi yake. Kidonda kikiingia usaha, uzi huisha mapema, wakati ule ule unapohitajika zaidi. Naye J. Marion Sims, wa Alabama, alifaulu kuziba fistula, tundu kati ya kibofu na uke, mwaka 1849 kwa waya wa fedha usioyeyuka, baada ya kuwapasua mara kwa mara, bila ganzi, wanawake waliokuwa watumwa. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Siwezi kuusifu ufundi huu nikawaruka hao.

Ufumbuzi ulitoka jalalani, kwa namna fulani. Asidi ya poliglaikoliki ilikuwa plastiki iliyodharauliwa kwa kuwa haihimili maji. Pwani yetu inaijua karaha hiyo: mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, ilishonwa kwa kamba za usumba, na kamba ikichakaa fundi alirudia kushona. Kwa mwenye chombo kuoza ni hasara. Waliobuni uzi wa plastiki ile, ulioingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliiangalia kasoro hiyo hiyo wakaona ndiyo waliyoitafuta.

Siku hizi ufundi umevuka uzi. Mimba ikiharibika na mwanamke akasafishwa kizazi, kuta za ndani zilizochubuka zinaweza kushikana. Joseph Asherman alilieleza tatizo hilo mwaka 1948. Hedhi hupungua au hukatika, ujauzito haushiki, na mtaani jina la mgumba halichelewi. Kampuni ya Womed ya Montpellier, Ufaransa, imetengeneza utando unaoingizwa ukiwa umekunjwa, ukakunjuka ndani na kuzitenga kuta hizo kwa takriban wiki moja, kisha ukavunjika na kutoka wenyewe kwa njia ya kawaida. Linganisha na nyavu za polipropilini zilizowekwa kupitia ukeni kuinua kizazi kilichoshuka. Hizo zilibuniwa zikae milele, zikakaa hata zilipoumiza, na mwaka 2019 Marekani ikaamuru watengenezaji waache kuziuza kwa kazi hiyo.

Mwanamke wa Mafia mwenye fistula anaweza kutibiwa bure Dar es Salaam, katika hospitali ya CCBRT, Msasani, ambayo imewahi kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa. Akishashonwa huwekewa mpira wa mkojo ili kibofu kipumzike, nao hauyeyuki. Utatolewa kwa mkono, na mgonjwa atausubiri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwa fistula nyepesi siku 7 hadi 10 zinatosha, mahali ambapo wengi walikuwa wakingoja wiki mbili au zaidi. Siku zote hizo uzi wa ndani bado una zaidi ya robo tatu ya nguvu zake. Na kila siku inayopunguzwa ni siku ambayo ndugu anayemwuguza hahitaji kutafuta pa kulala wala cha kula mjini, nao wakawahi boti ya Nyamisati ya kurudi kisiwani.