Jihadhari na Siku Njema

Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga huumia sana siku za mwanzo, na maumivu hayo humlinda. Mtego hutegwa baadaye, mara nyingi kuanzia wiki ya tatu. Kidonda kimekauka, nyuzi zimetolewa, usingizi umerudi. Asubuhi moja mama anaamka akijiona mzima. Anafagia uwanja, anakwenda kuangalia ng'ombe, anamsindikiza mgeni hadi barabarani. Jioni paja limevimba, na kesho yake hatoki kitandani. Nyumbani wanasema ugonjwa umemrudia, kumbe alitumia nguvu za siku tatu kwa siku moja.

Kujipima ni hesabu, na safu hii inaichambua kama inavyofanyika katika boma la Migori au Homa Bay, penye kigoda, choo cha shimo na njia ya udongo.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kila unapoinua mguu mmoja kupiga hatua, misuli ya ubavuni mwa nyonga ya pili huvuta ili kiuno kisilale upande. Misuli hiyo imeshikamana karibu sana na kiungo, ilhali uzito wa mwili unaning'inia mbali nacho, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayoushinda uzito huo. Georg Bergmann na wenzake wa Berlin waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001, kutembea kwa kawaida kulitia kiungoni mzigo wa takribani mara 2.4 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni zaidi ya kilo 140 kwa kila hatua. Katika matokeo yao ya mwaka 1993, wagonjwa wawili walijikwaa bila kukusudia vipimo vikiwa kazini, na mzigo ukapita mara 7. Kwa mtu yule yule, hizo ni zaidi ya kilo 420.

Basi kujikwaa mara moja ni kubaya kuliko kutembea sana. Methali yasema mwenda pole hajikwai, lakini kwenye udongo mweusi wa Ndhiwa au Karachuonyo wakati wa masika, mwenda pole naye hujikwaa. Tope hunata kwenye ncha ya gongo hadi mpira wake usishike chochote. Kwa hiyo kazi ya kwanza huangukia wenye nyumba kabla mgonjwa hajarudi: kumwaga changarawe kutoka mlangoni hadi chooni, kung'oa visiki, kufunga mbuzi mbali na njia, kuweka taa ya usiku, na kuwa na kitambaa mlangoni cha kufutia ncha za magongo. Penye kizingiti, mguu mzima hutangulia kupanda, na ule uliopasuliwa hutangulia kushuka. Atakapohamia kwenye fimbo moja, ataishika kwa mkono wa upande mzima. Fimbo ikisukuma ardhi kutoka mbali na kiungo, msukumo mdogo huipunguzia kazi kubwa ile misuli ya ubavuni.

Kisha kipimo. Wengi huambiwa watembee dakika kadhaa, lakini bomani watu hupima mwendo kwa safari, hawapimi kwa saa. Hesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi chooni, kutoka mlangoni hadi mwembeni, uziandike kwa chaki nyuma ya mlango. Tuseme kwenda chooni na kurudi ni hatua 80. Safari tano ni hatua 400. Hiyo ndiyo bajeti ya siku, na lazima igawanywe kuanzia asubuhi hadi jioni. Hatua 400 kwa mkupuo mmoja huchosha misuli iliyokatwa au kuvutwa wakati wa upasuaji. Misuli ikichoka, kiuno hulala, mguu huburuzwa, na hapo ndipo kidole hukwama kwenye jiwe.

Kuongeza kuna hakimu wake, naye ni kesho asubuhi. Dawa ya maumivu huficha mengi: inywe kwa wakati kama ulivyoagizwa, lakini usiitumie kama kibali cha kwenda mbali zaidi. Maumivu yaliyoongezeka kwa kutembea yakitulia ndani ya saa mbili hivi, na asubuhi uvimbe usiwe umezidi wa jana, bajeti ilitosha. Asubuhi tatu za namna hiyo zikifuatana, ongeza safari moja. Asubuhi ikikukatalia, rudi kwenye hesabu ya mwisho uliyoimudu. Usirudi kitandani kwa wiki nzima, maana kulala tu hudhoofisha misuli, huleta vidonda vya mgongo na hukaribisha damu kuganda mguuni.

Kukaa nako kuna bajeti. Nyonga nyingi zilizobadilishwa kwa kupasuliwa upande wa nyuma huwekewa masharti, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 12: goti lisipande juu ya nyonga, miguu isipishane, mguu usigeuziwe ndani. Masharti hayo yanapiga marufuku kigoda, kuchutama chooni na kuinama kugeuza omena juani. Fundi wa mtaani anaweza kukata tundu kwenye kiti imara cha mbao chenye mikono, kikasimamishwa juu ya shimo la choo. Wageni wakija kumpa pole, awasalimie akiwa ameketi kwenye kiti kirefu. Mkaza mwana akimwambia, "Mama, kaa tu, tutawahudumia sisi," atii.

Safari ya kliniki pia iingie kwenye hesabu. Kutoka Migori hadi Kisumu kwa barabara ya Awendo, Rongo na Kisii ni mwendo wa saa kadhaa. Achague kiti cha mbele, kisukumwe nyuma, kiinuliwe kwa mto, na gari lisimame njiani ili anyooshe miguu. Wa Mbita anaweza kufupisha njia kwa feri ya Luanda Kotieno, lakini mtumbwi wa kupandwa kwa kuruka kutoka majini umsubiri apone, na boda boda vilevile. Siku ya kabla ya safari na siku ya baada yake ziachwe bila nyongeza yoyote.

Nyonga hazifanani. Aliyebadilishiwa kiungo kwa kawaida huruhusiwa kukanyaga mapema, ilhali aliyeungwa mfupa kwa chuma anaweza kuambiwa asitie uzito wote hadi picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Asiondoke wodini bila kuuliza: nikanyage kiasi gani, na hadi lini? Ukanda wa ziwa una vijana wengi wenye selimundu, ugonjwa unaoweza kuua kichwa cha mfupa wa paja mapema. Kwa hao, maji ya kunywa na kupumzika kabla ya kuchoka ni sehemu ya bajeti.

Yapo mambo yasiyosubiri asubuhi: shavu la mguu kuuma na kuvimba, pumzi kukatika, kifua kuuma, homa, kidonda kutoa usaha, au maumivu ya ghafla mguu ukionekana mfupi au umepinda. Hapo ni hospitali mara moja.

Yasipokuwapo hayo, siku njema itafika. Mama ataamka mwepesi, jua likiwaka na njia ikiwa kavu, na ng'ombe wakilia zizini. Atazame kwanza chaki nyuma ya mlango. Kama jana ziliandikwa safari tano, na leo ni tano.