Aliyewawinga Sasa Anawalisha

Mtu akitaka kujua ndege wadogo wa Kola, hapa Ukambani, wanapenda kula nini, amtafute aliyekaa juu ya dungu utotoni, kombeo mkononi, akiulinda mtama wa nyumbani usimalizwe kabla ya kuvunwa. Aliyewinga ndege tangu alfajiri hadi magharibi, msimu baada ya msimu, anajua punje ipi huibwa kwanza na ipi huachwa mpaka njaa ibane. Anajua ndege yupi huja wawili wawili na yupi huja na ukoo mzima. Ujuzi huo ulikusanywa ili kuwafukuza. Kwenye boma moja ninalolijua, juu ya mteremko uliokatwa matuta ya fanya juu, siku hizi unatumika kuwaita.

Mwenye boma ni mama mzee ambaye wote pale humwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi. Ana sinia kuukuu lililofungwa kamba tatu kwenye tawi la mwembe, kipande cha ardhi kilichofagiliwa, na kigae cha mtungi kilichojaa maji. Vifaa ni hivyo tu. Kinachonivutia mimi ni jinsi anavyochagua kitakachowekwa humo.

Mtama wake ni wa Gadam, ule mweupe ambao watafiti wa kilimo wa kituo cha Katumani waliueneza Ukambani kwa sababu hukomaa mapema na una soko kwenye viwanda vya bia. Ni mtamu, na ndege wanaujua utamu huo kuliko sisi. Mtama wa kahawia kama Serena na Seredo, mbegu zilizozalishwa Serere nchini Uganda, una tanini nyingi, na tanini ndiyo huleta ukakasi mdomoni. Wakulima wengi waliupanda makusudi, kwani ndege akipata kingine huupita. Susu anaugeuza ujanja huo wa mkulima: punje iliyokuwa ikimliza shambani ndiyo anayoiweka siniani, na ile iliyomwokoa anaiacha guniani. Mnana, jurawa na chiriku hawakawii kufika. Tetere wanasubiri chini, wakiokota zinazodondoka.

Lakini kwa yule ndege wa samawati mwenye shavu jekundu, punje ya mtama ni mzigo. Mwili wake wote una uzito wa gramu 10 hivi, na mdomo wake ni mfupi, umechongoka. Yeye anawekewa wimbi, uwele mdogo, na mbegu za nyasi zilizokusanywa kwenye kingo za matuta zilipokauka. Wala haning'iniziwi kitu, kwa maana huyu hula chini, akirukaruka kwenye udongo mtupu anapoweza kumwona paka kabla paka hajamkaribia. Susu anamfagilia eneo la ukubwa wa mkeka na kuzitawanya mbegu, hazirundiki, maana fungu moja linatwaliwa na mbabe mmoja na wengine wanabaki kutazama. Mti wenye miiba upo hatua chache tu kutoka hapo, wa kukimbilia kipanga akipita. Ungekuwa mbali zaidi, ndege hawa wasingethubutu kushuka, hata kama wimbi ni zuri namna gani.

Ukikaa kwenye kigoda kando ya jiko bila kujitikisa, utaiona kazi ya mdomo huo. Anaokota mbegu moja, anaigeuza kwa ulimi mpaka ikae ukingoni, taya linacheza mara mbili tatu, ganda linateleza na kuanguka upande, kiini kinamezwa. Kisha nyingine. Kwa kuwa maganda yanabaki palepale, mtu asiyezoea hudhani chakula bado kipo na ndege wamekikataa. Susu anainama na kupuliza. Kinachopeperuka kimeshaliwa, kinachobaki ni mbegu. Nimewaona watu wenye vyombo vya bei wakiwaacha ndege na njaa juu ya makapi kwa kutojua kupuliza.

Kabla ya yote hayo kuna ungo. Nafaka ya ndege inapepetwa na kuchaguliwa sawasawa na ya watu, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Nilimwuliza mbona asiwape ndege yale mahindi yaliyovunda, yasipotee bure.

"Mwanangu," akasema, "kitu ukikinusa ukageuza uso, unampaje mwingine?"

Ukambani jambo hili lina makaburi yake. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 katika mashariki ya Kenya, kati ya wagonjwa 317 walioorodheshwa, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Na ni vifo vya ndege vilivyoifichua kwa wanasayansi: mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliowafikisha kwenye sumu yenyewe. Kwa hiyo mahindi yenye madoa ya kijani, karanga zilizosinyaa, na wimbi linalonuka unyevu haviendi kwa kuku wala kwa jurawa. Vinafukiwa shimoni. Mahindi safi yanapondwa yawe chenga, na chenga hizo hupewa tetere na mnana. Makombo ya ugali hayadhuru, kwa kuwa ugali wetu haupikwi kwa chumvi, ila lazima yaliwe siku hiyohiyo. Mabaki ya kitoweo chenye chumvi na mafuta hayafiki kabisa kwenye mwembe ule.

Ndege wala matunda hawana shida nyingi. Kipande cha papai au ndizi iliyoiva kupita kiasi, kilichochomekwa kwenye msumari, kitamleta shore asubuhi, kwenzi akifuata na tumbo lake la rangi ya chungwa, na baadaye kuzumburu wenye mikia mirefu waking'ang'ania tawi kama panya. Jioni kinachobaki kinatolewa, la sivyo siafu na panya halisi watakirithi.

Chozi ni habari nyingine. Wengi humtengenezea maji ya sukari, na ukitaka kufanya hivyo, kipimo ni kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, bila rangi na bila asali, kwa kuwa asali ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha kuvu. Kwenye jua letu maji hayo hubadilishwa kila siku. Susu hajishughulishi nayo. Amepanda shubiri mstari mzima kando ya ua, na shubiri zinapochanua wakati wa kiangazi, chozi hutua kwenye shina la ua lenyewe na kupenyeza mdomo uliopinda ndani ya kila kikombe chekundu, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini kwenda juu. Ua hilo halioshwi wala halijazwi. Kwa maoni yangu huu ndio uchaguzi bora kuliko yote bomani mwake, na ndio usioonekana kuwa uchaguzi.

Kisha maji. Anayekula nafaka kavu huhitaji kunywa, na Agosti huku kwetu mto ni mchanga mtupu. Kola inalijua suala hili kwa undani: hapa ndipo Joshua Mukusya na wenzake walipoanzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, kikaja kusifika kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukata mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga mahali jua lisipoyafikia. Watu wakifukua kisima kidogo humo, ndege wapo ukingoni kabla mtungi wa kwanza haujajaa. Kigae cha Susu hujazwa maji hayohayo, kina kisizidi kidole, kikiwa na jiwe katikati la kusimamia. Kila asubuhi anakisugua kwa mchanga. Huko Uingereza, kuanzia 2005, ugonjwa unaoambukizwa kwa mate kwenye vyombo vya kulishia na kunyweshea umewapunguza sana ndege wadogo wa kijani waliokuwa wengi bustanini, kwa hiyo kusugua si urembo.

Kiasi nacho hupimwa. Ni kikombe kimoja cha chai cha nafaka asubuhi, na kikiisha, kimeisha. Akiona kundi la kwelea kwelea limeanza kuzunguka, sinia linaingia ndani kwa siku kadhaa, kwa sababu mtama wa majirani ukiwa kwenye maziwa hauwezi kustahimili wageni walioalikwa na yeye.

Mvua za vuli zikishika, kikombe kinakuwa nusu, kisha robo. Kumbikumbi wanaruka, mnana wanawapelekea makinda wadudu, na hakuna mtama unaoweza kushindana na mdudu mnono wakati kinda anapoota manyoya. Susu hanyunyizii dawa sehemu ile ya shamba, na wajukuu wake wanakatazwa kufyeka nyasi za matuta ya juu mpaka zitoe mbegu, maana hizo ndizo zitakazojaza kikombe cha Agosti ijayo.