Nani alipatia leta ruhusa ya kusamehe?

Hapa kwetu neno « kusamehe » linatumika sana. Kwenye semina za amani, kanisani, hata kwenye mikutano ya wanafunzi, wenye waliumizwa njo wanaombwa wa kwanza kutoa kitu: watoe musamaha. Wenye waliumiza, mara nyingi hata hawako mu sale. Filme ya Dieudo Hamadi, En route pour le milliard (2020), inapindua mambo hiyo, na ni juu ya ile inafaa kila mwanafunzi wa Kongo aiangalie.

Hadisi yenyewe ni hii. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya Kisangani, muji wenye haukuwa wa mmoja wao. Mamia ya raia wakakufa, wengine wengi wakaumia. Karibu miaka 20 nyuma yake, kikundi cha wenye walibakia bila miguu ao mikono wanapanda chombo, wanashuka muto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Miliari ya dola, njo ile inasemwa mu jina la filme.

Wataalamu wawili wa saikolojia ya watu, Nurit Shnabel na Arie Nadler, walionyesha mwaka 2008 kama kosa linanyanganya pande mbili vitu tofauti. Mwenye aliumizwa anapoteza nguvu na heshima. Mwenye aliumiza anapoteza jina nzuri mbele ya watu. Mapatano yanafika wakati kila mumoja anapata kile kilimupotea: aliyekosa anaomba musamaha, na kwa kuomba anarudishia mwenzake nguvu ya kusema ndiyo ao hapana. Musamaha ni zawadi. Na zawadi inatolewa na mwenye anaweza pia kuikatala.

Sasa tuangalie filme na macho hiyo. Wasafiri wetu hawajaombwa kitu na mutu. Mvua inawanyeshea pale kwenye chombo, wamejibana chini ya plastiki. Wanafika Kinshasa, wanaenda mbele ya Bunge, hawafunguliwe mulango. Kumbe wanatafuta nini? Franga, ndiyo, juu miguu ya kubandika inaumiza na maisha ni ghali. Lakini kupita franga, wanatafuta leta iseme: tunawaona. Hamadi, mwenye alizaliwa Kisangani mu 1984, anajua hiyo vizuri. Kamera yake haiwaangalii kwa huruma. Inawaacha wabishane, wacheke, wakasirike. Ile ya kukasirika njo muhimu: hasira yao si ugonjwa wa kuponyesha na mahubiri, ni deni yenye haijalipwa.

Fasi yenye nguvu zaidi ni pale wanapanda jukwaani na kuigiza mateso yao wenyewe. Pale hakuna mwenye kuwakatiza. Kile Bunge liliwanyima, wanajipatia wao wenyewe kwa dakika kidogo.

Filme iko na kasoro moja kubwa. Wakosaji hawaonekane kabisa. Kijana mwenye alizaliwa nyuma ya 2000 anaweza kuimaliza bila kuelewa vizuri juu ya nini majeshi mawili ya kigeni yalipigana mu Kisangani. Najua, Hamadi alichagua kubakia na wasafiri wake, na kuchagua vile kunamupa nguvu. Lakini filme inamuweka Kinshasa mbele kama mudaiwa wa pekee, na Kigali na Kampala wanapumuzika kando. Mangaliko ya mutazamaji inaenda kwa polisi wa mulangoni, wakati kosa lilitoka mbali zaidi.

Nyuma ya filme, tarehe 9 Februari 2022, Korti ya kimataifa ya La Haye ikaamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni juu ya watu wenye waliuawa ao kuumizwa. Kwa Rwanda, korti ile ilikwisha sema mu 2006 kama haina mamlaka ya kuihukumu. Uganda ikalipa sehemu ya kwanza, milioni 65, mu Septemba 2022. Angalieni lakini: franga zinatoka leta moja, zinaingia leta ingine. Marais wawili wanaweza kupeana mikono, watu wa picha wakapiga picha, na mama mwenye mukongojo anabakia pale pale. Leta haiwezi kusamehe kwa jina lake. Mguu haukukatika kwa leta.

Njo maana, wenzangu, siku mutaitwa kuongoza semina ya mapatano, musianzie kwa kuuliza mwenye aliumizwa kama yuko tayari kusamehe. Muulize kwanza kama mutu alikwisha kumuomba.