Kofia za Mama Zetu wa Maniema ya Kusini: Tunashona Nini, Tunaiga Nani?

Kila mara tunapokutana kwenye harusi ao sikukuu hapa Kasongo, hakosi mtu wa kusema neno hili: ati kofia si kitu cha mwanamke wa kwetu. Mwanamke wa kwetu ana kitambala chake, basi. Kofia ilikuja na masista na mabibi wa Wabelgiji, na mama anayevaa kofia leo anaiga watu wa ng'ambo. Neno hili tumelisikia kwa wazee, kwa walimu wa sekondari, hata kwa mafundi wa kushona wenyewe, wale ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Sisi pia tulilikubali miaka mingi bila kulipima. Kumbe halina msingi. Tena linaharibu kazi ya mikono inayofanyika leo katika mji huu na kule Kabambare, kwa sababu fundi anayeamini kwamba anaiga, ataiga kweli.

Tuanze na ushahidi. Stanley alipita inchi yetu mwaka wa 1876, akitoka upande wa Tanganyika, akapitia Kabambare na Luama mpaka Lualaba. Kitabu chake kilitoka 1878. Hakuwa rafiki wa watu wetu, na mengi aliyoandika juu yao yanachukiza. Lakini macho yake yalikuwa mazima. Anaeleza kwamba wanawake wa Manyema walikuwa na nywele nyingi, nao walizitia fito nyepesi ndani ili zisimame, zikawa kofia yenye ukingo mbele ya uso. Nywele za nyuma wakaziacha zishuke kwa misokoto mpaka kiunoni. Na neno alilotumia ni jina la ile kofia waliyovaa mama za Ulaya wakati ule, inayozunguka uso na kufungwa chini ya kidevu. Mbele yake Livingstone, aliyekaa huku kati ya 1869 na 1871, alikuwa ameandika juu ya nywele zilizosukwa nyuma ya kichwa kwa mfano wa kikapu.

Wasomaji wetu watasema: hizo ni nywele, si kofia. Tulisema vilevile. Lakini tazama kazi yenyewe. Kuna umbo la ndani linaloshikilia, yaani fito. Kuna ukingo wa kukinga uso. Kuna nyuma iliyoachwa wazi makusudi. Fundi wa kofia wa Paris ao London wa zamani zile alifanya hivyohivyo, ila yeye alikunja majani makavu na waya, kiisha akafunika kwa kitambaa. Mteja wake aliinunua dukani na usiku akaitundika kwenye msumari. Mama wa Manyema hakuweza kuitundika. Alilala nayo, na ilihitaji mikono ya mwanamke mwingine, saa nyingi za kukaa chini, mmoja ameinama na mwingine ameshika kichwa. Ndiyo kofia ya mkono kuliko zote tunazozijua.

Namna gani ilipotea? Hapa hatutaki kurahisisha, kwa maana sababu si moja. Mji wa Kasongo ulipokuwa mji wa Tippu Tip na jamaa zake, mtindo ulifuata Unguja. Na kwa Unguja kichwa cha mwanamke kilikuwa na sheria yake. Mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika sawa na bibi yake, hata ikawa kwamba baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hali ya utumwa kisheria kule visiwani, wanawake wengi waliokuwa watumwa walishika kanga, ushungi na buibui kama tangazo: sasa mimi ni mtu huru. Kwetu Dhanis alikuwa amekwisha kuuteka Kasongo tangu Aprili 1893, lakini wazo la kwamba mwanamke mwungwana ni yule aliyefunikwa kichwa halikutekwa pamoja na mji. Lilibaki, na liko mpaka leo. Tena neno kilemba lenyewe lina uzito huo: ni kitambaa cha kichwa, ni sehemu ya mali anayopewa mzee wa bibi arusi, ni malipo ya mwalimu wa ufundi mwanafunzi anapomaliza.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na kitambala. Kimepata heshima yake kwa njia ngumu. Tunachokataa ni kusema kwamba mbele yake hapakuwa na kitu.

Baada ya hapo kichwa cha kutazamwa kikawa cha mwanaume. Kule pwani kofia nyeupe za kushonwa matundu madogo kwa sindano, kofia za vito, zilishonwa sana na wanawake wakaa nyumbani. Zikavaliwa na waume na ndugu zao msikitini, na Waislamu wetu wa Kasongo wanazijua vizuri. Mwanamke anashona wiki nyingi, mwanaume anasifiwa Ijumaa. Kiisha Zaire ikaja, na ikawa kofia moja tu ndiyo iliyojaa macho ya watu wote, ile ya ngozi ya chui, mpaka 1997. Mama zetu wakati ule waliambiwa wavae kikwembe, waache suruali na nywele za bandia. Juu ya kofia zao hakuna aliyeuliza.

Hata majirani zetu Walega wa Pangi, ambao kofia zao zimejaa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, wanajulikana kwa kofia za wanaume wa Bwami: ile yenye mkia wa tembo, kauri na vifungo. Wachache wanakumbuka kwamba mwanaume hakuweza kufika daraja la juu la kindi bila mke wake naye kupandishwa, na kwamba wanawake wa daraja la bunyamwa walikuwa na mapambo yao ya kichwa. Daniel Biebuyck aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Walega mwaka wa 1973 analieleza jambo hili. Katika kofia hizo kuna kitu kimoja tunachokipenda sana: vifungo vya shati kutoka Ulaya. Vilipofika kwa biashara, Walega hawakuvishona kwenye shati. Walivipanga juu ya kofia mahali pa kauri, kwa sababu vinang'aa sawasawa. Huo si uigaji. Mgeni alileta kifungo, mwenyeji akakipa cheo.

Kinyume chake kilitokea Paris mwaka wa 1937. Mfanya biashara wa sanaa Charles Ratton alifanya maonyesho ya kofia za Kongo, naye mpiga picha Man Ray akazivika wanawake na kuwapiga picha. Septemba ya mwaka huo gazeti la mitindo la Marekani, Harper's Bazaar, lilizichapa baadhi. Mmoja wa waliopigwa picha ni Adrienne Fidelin, mzaliwa wa Guadeloupe, na wanaochunguza historia ya mitindo wanamhesabu kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuonekana hivyo katika gazeti kubwa la mitindo la Marekani. Picha ni nzuri, hatukatai. Lakini kofia zenyewe nyingi zilikuwa za wanaume wenye vyeo, na hakuna fundi hata mmoja aliyetajwa jina. Kofia ilitolewa juu ya kichwa cha mzee aliyeilipia kwa mbuzi na kwa miaka, ikawekwa juu ya kichwa kingine kwa dakika kumi kwa sababu umbo lake lilipendeza.

Tumeleta habari hii ya Paris kwa sababu jambo lilelile sasa tunalifanya sisi wenyewe. Tumetembea kati ya mafundi wa Kasongo na wale wa barabara ya Kabambare, tukatazama kofia za wanawake zinazotengenezwa kwa mkono siku hizi, hasa zinazotayarishwa kwa tarehe 8 Machi, wakati akina mama wanapopita mbele ya viongozi. Ziko za namna nyingi, na hazina ubora sawa.

Ile inayopendwa kuliko zote ni kofia pana ya kikwembe kilichobandikwa juu ya kartoni. Kwa mbali inapendeza. Rangi zinapatana na nguo, ukingo umesimama kabisa. Lakini kartoni na mvua ya Maniema havikai nyumba moja. Tuliona moja iliyonyeshewa kutoka paroki mpaka sokoni: ukingo ulishuka juu ya macho sawa sikio la mbuzi. Fundi anajua hivyo anapoishona. Ameshona kitu cha kupigwa picha, na mnunuzi amelipa bei ya kitu cha kuvaa.

Kiko pia kilemba kilichoshonwa tayari, unachokivaa kama sufuria. Hiki kinatusikitisha kwa sababu nyingine. Sanaa ya kitambala haiko katika kitambaa, iko katika kufunga. Mama anayefunga kila asubuhi anaweza kusema hasira, msiba, furaha, hata kiburi, kwa fundo tu na upande lilipolala. Ukilishona fundo, umelinyamazisha. Tunafahamu kwamba mama mwenye haraka atatucheka hapa, na ana haki.

Kofia za krosheti za nyuzi za nailoni hatutazisema sana. Mikono inayozifanya ni mizuri, uzi ndio mbaya, unachoma kichwa saa sita ya mchana.

Halafu ziko za rafia. Hapa tulitumaini mengi, maana rafia ni mali yetu ya zamani. Viramba vya Manyema, vitambaa vya rafia, vilikuwa vikipita sokoni mbele ya merikani kufika. Lakini tulichokuta kwa mafundi wengi ni kijikofia kidogo cha juu ya utosi, kilichonakiliwa kutoka picha ya simu. Hicho ni mfano wa laket ya Wakuba wa Kasai, kofia ya mwanaume aliyepita jandoni, inayoshikwa na pini ya chuma kwenye nywele. Tulipomwuliza fundi mmoja kwa nini anaishonea wanawake wa Kasongo, alijibu kwamba wateja wanataka kitu cha asili. Asili ya nani? Man Ray angalau alikuwa mgeni.

Kati ya zote tulizoziona, moja ndiyo iliyotusimamisha. Ilitengenezwa na mama mmoja wa upande wa Kabambare ambaye kazi yake ya kwanza ni mikeka. Alichukua utepe uleule wa kusuka anaoutumia kwa mkeka, akauzungusha kutoka katikati kwenda nje, akaushona mzunguko juu ya mzunguko, bila kartoni na bila gundi. Mbele aliacha ukingo unaokinga uso. Nyuma hakuifunga: ameacha nafasi misuko ishuke. Hajawahi kusikia habari za Stanley. Alisema tu kwamba kofia iliyofungwa nyuma inamharibia mwanamke misuko aliyoilipia.

Ina makosa. Ndani hakuna utepe laini wa kupokea jasho, kwa hiyo mshono unauma paji la uso. Ukingo umeunganishwa kwa uzi wa rangi nyingine, na si kwa makusudi. Tena haina alama yoyote ya aliyeitengeneza, na tulimwambia wazi kwamba hapo amekosa. Sokoni wateja kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila wanamwuliza kama imetoka Dubai. Akisema ameisuka mwenyewe, bei inashuka palepale. Tulishuhudia hivyo kwa macho yetu, na aliyeshusha bei alikuwa mtu aliyesoma.

Jioni tulimwona akijitayarisha kurudi kwao. Alivua kofia aliyokuwa amevaa kuwaonyesha wateja, akaiweka ndani ya kitunga juu ya mihogo, akapitisha kamba ya kitunga kwenye paji la uso, akainuka. Stanley huyohuyo aliandika kwamba wanawake wa Manyema walirudi na vitunga vya kuni kwa kamba ya paji la uso namna hii. Kofia ile ya nywele na kamba ile vilikaa juu ya kichwa kimoja. Tukamwuliza: "Mama, mbona huivai njiani, na jua bado ni kali?"

Akacheka. "Ninyi baba zangu, kamba nitaipitisha wapi?"

Kiisha akatuambia kwamba ameanza nyingine yenye ukingo mfupi, ulioinuliwa vidole viwili juu ya fasi ya kamba. Bado iko nyumbani. Ukingo unakataa kusimama.